Ufunguo Niliomnyima Shemeji Yangu

Mimi ndiye mwenye makosa. Naanza hapo kabisa, kwa sababu katikati ya habari hii kuna mahali utataka kunihurumia, na sistahili.

Jina langu sitaliandika katika gazeti hili. Ya wengine nimeyageuza, maana hawakunipa ruhusa ya kuwatangaza. Jua tu kwamba mimi ni mtu wa Taita, nimeishi Malindi tangu ujana wangu, na kazi yangu ni kuoka mikate na keki katika hoteli moja ya watalii. Mke wangu nitamwita Sidi. Ni Mgiriama wa Magarini, na wakati wa mambo haya alikuwa akifundisha shule ya msingi, mmoja wa wale walimu ambao hawajasomea ualimu, wanaoitwa wa muda hata wakizeekea darasani. Ndugu yake, nitakayemwita Katana, alikuwa fundi katika gereji moja pale mjini.

Hao ndio niliowaumiza. Na yote kwa sababu ya gari!

Nilipokuwa mtoto, padri wa misheni kwetu alikuwa na gari dogo jeusi la Kiingereza, lenye taa kubwa za mviringo na usukani mwembamba. Lilikuwa likipanda milima ya kwetu likinguruma polepole, sisi watoto tukilikimbilia nyuma kwenye vumbi. Nikajiapia kwamba nikiwa mtu mzima nitanunua la namna ile, si la namna nyingine. Wenzangu walitamani nyumba ya bati na ng'ombe wa maziwa. Mimi nilitamani lile gari.

Basi miaka michache iliyopita nikasikia kwamba Kilifi kuna bibi mmoja wa Kizungu, mjane, anafunga nyumba yake arudi kwao, na bandani kwake kuna gari la miaka ya hamsini. Nikamchukua Katana, tukavuka kwa feri, maana daraja lilikuwa bado halijajengwa, tukalikuta chini ya makuti. Limejaa mavi ya popo. Viti vimeliwa na panya. Lakini lilikuwa lile lile, hata rangi! Nilipoweka mkono juu ya boneti moyo ulinidunda kama kijana aliyekwenda kuposa.

Katana alilala chini akalichungulia, akafungua boneti, akapapasa huku na huku. Mwisho akaniambia kwa upole kwamba injini ni nzima ila imelala miaka mingi, na kila kitu cha mpira ndani yake kimekufa. Akasema nikilinunua hili nitakuwa nimenunua kazi, sijanunua gari. Sidi naye, tangu nyumbani, alikuwa ameniomba tutafute pikapu ya Kijapani, hata kuukuu, ya kubebea mananasi na korosho za mama yake.

Niliwasikiliza wote wawili. Halafu nikalinunua.

Tulilivuta kwa kamba mpaka Malindi, na hapo ndipo nilipojifunza maana ya kukereka. Leo linawaka, kesho haliwaki. Plagi zikabadilishwa. Kabureta ikafunguliwa, ikatoka uchafu mweusi kama masizi ya sufuria, ikafungwa. Likaenda hadi sokoni, likazima mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, watu wakitoka kuswali. Pointi za kutoa cheche zikapigwa msasa. Koili ikabadilishwa, kumbe siyo. Kondensa ikabadilishwa, siyo vile vile. Kila mara Katana alinyanyuka, akapangusa mikono, akaniambia, "Sasa limepona." Kila mara nilimwamini, na kila mara gari likanifanya mjinga barabarani.

Sitaki kumpaka Katana mafuta. Alikuwa fundi hodari, lakini mwenye haraka ya kusema limepona. Jumapili alikunywa pombe ya mnazi, Jumatatu akaja amechelewa. Na vipuri vya gari lile havikuwepo mjini, mpaka viagizwe Mombasa kwa wauza vyuma vikuukuu, vikija ni vya gari jingine. Mimi nimetoka zamu, nimekanda unga tangu alfajiri, macho yananiuma kwa usingizi. Nafika gerejini nakuta gari limepasuliwa tumbo, vipande vimepangwa juu ya gunia, fundi hayupo. Nilikuwa nikivitazama vile vipande naona kama meno yangu mwenyewe yameng'olewa.

Lakini haki yake nimpe. Taratibu, kosa moja baada ya jingine, alilifikisha. Likatulia. Likawa linawaka mara ya kwanza tu ukiligusa. Nikampeleka Sidi kwao Magarini, tukapita daraja la Sabaki madirisha yote wazi, kitambaa chake kikapeperuka kikaanguka majini, akacheka mpaka akajishika mbavu. Mama mkwe alilizunguka, akalipigapiga ubavuni kama mbuzi anayetaka kumnunua, akasema limenenepa. Siku ile nilikuwa mfalme.

Ningetosheka pale, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Shaka iliniingia kwa mshale wa petroli. Nikiliacha gari gerejini jioni kwa matengenezo madogo, asubuhi nakuta mshale umeshuka. Nikamuuliza Katana. Akasema mshale una wazimu, kile kielea kinachopima petroli ndani ya tangi kimeoza, nisiuamini, nipime kwa kijiti. Lilikuwa jibu la kweli, tena jepesi kulihakikisha. Sikulihakikisha. Nilikwenda kusikiliza maneno ya mtu mmoja aliyekuwa akituletea samaki hotelini kutoka Sabaki. Yeye aliniambia mafundi wote ndivyo walivyo, hunyonya petroli ya watu kwa mpira wakawauzia wenye pikipiki, na kwamba yeye alimwona Katana mwenyewe sokoni akiuza pampu ya gari. Sikuuliza pampu ipi, wala ya nani. Neno lile nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Nikaenda kwa muuza vyuma vikuukuu, nikamwachia kifuniko cha zamani cha tangi, nikanunua chenye kufuli. Kilikuwa cha gari la aina nyingine, kinang'aa, kizuri. Nikakata pete ya mpira kutoka tyubu ya baisikeli, nikaivisha chini yake ili kikaze. Kikakaza kama kizibo cha chupa! Ufunguo nikautia kwenye mnyororo wangu wa shingoni, pamoja na msalaba. Ndiyo, pamoja na msalaba, usinicheke.

Katana alikiona kile kifuniko. Nadhani alielewa. Mtu akifungiwa mlango huelewa.

Haukupita muda, gari likashikwa na ugonjwa mpya. Mjini halina neno, zunguka nalo kutwa. Likitoka safari, likifika Gede au mbele kidogo, linaanza kukohoa, linaishiwa nguvu, linazima. Ukilisubiri, ukapima petroli, ukapiga stata, linawaka kama halikuwa na lolote. Unakwenda, unafurahi, linazima tena.

Wallahi niliona nitarukwa na akili! Gari lililopona linawezaje kuugua tena bila kuguswa na mtu? Au limeguswa? Hapo ndipo mawazo yangu yalipokuwa yakinipeleka kila nikikaa peke yangu na keki zangu.

Katana alianza upya kabisa. Alidhani ni joto, akafunga nguo mbichi kwenye pampu ya mafuta, tukaenda nalo Gede, likazima nguo ikiwa ingali inachuruzika maji. Akafungua pampu, akabadilisha ngozi yake ya ndani. Likazima. Akafungua kabureta tena. Likazima. Mwisho akajaza petroli kwenye chupa, akaining'iniza juu ya injini, akaiunganisha kwa mpira moja kwa moja kwenye kabureta, akaliacha gari likinguruma pale pale gerejini, huku chupa ikijazwa tena na tena. Halikukohoa hata mara moja.

Akaja mbio hotelini, akanikuta mlango wa nyuma wa jiko, unga umenijaa mpaka viwikoni.

"Mulamu," akaniambia, maana ndivyo Wagiriama wanavyoitana mashemeji, "injini haina kosa. Kosa liko nyuma, kwenye tangi au bomba lake. Nipe ule ufunguo nilifungue, nilisafishe."

Nikamwambia nitakuja mwenyewe nikitoka kazini.

"Ukitoka tutakuwa tumefunga. Nipe sasa, kesho utalikuta tayari."

"Nimesema nitakuja mwenyewe."

Alinitazama shingoni, pale mnyororo ulipokuwa ukionekana. Akasema haya, akaondoka.

Sikwenda kulifungua; kesho yake nililichukua gari vile vile lilivyokuwa. Na sababu yangu, naiandika kwa aibu, ni kwamba tangi lilikuwa limejaa. Nilikuwa nimelijaza kabla ya kuliacha gerejini, kwa ajili ya safari. Nilimwogopa shemeji yangu karibu na tangi lililojaa, basi.

Safari yenyewe ilikuwa ya Sidi. Baada ya kungoja miaka, alikuwa ameitwa Mombasa kwenye mahojiano ya kuingia chuo cha ualimu. Akipita, atasomea, atakuwa mwalimu kamili. Alikuwa amepiga pasi gauni lake mara mbili. Alitaka aondoke kwa basi siku moja kabla, alale kwa rafiki yake Mtwapa, asubuhi aamkie mjini bila wasiwasi. Mimi nikakataa. Mke wangu ahangaike na mabasi nami nina gari? Nikamwambia tutaondoka alfajiri, tutafika kabla hata ya hao wenye kuuliza maswali.

Akaniuliza Katana amesemaje juu ya gari.

Nikasema amesema limepona.

Uongo mtupu! Tena niliusema nikimtazama machoni.

Watoto tukawaacha kwa jirani, tukaondoka. Gede lilikohoa, nikaomba Mungu, likapita. Matsangoni likazima. Tukangoja, likawaka. Sidi alikuwa ameishika bahasha yake ya vyeti kwa mikono miwili. Kilifi tukakuta foleni, tukangoja, tukaingia kwenye feri, tukavuka. Upande wa pili nikaliwasha vizuri kabisa, likaanza kupanda kile kilima cha kutokea, na pale pale, magurudumu ya mbele yakiwa barabarani na ya nyuma yakiwa bado kwenye ubao wa feri, likazima.

Nyuma yangu kuna lori la mbuzi. Nyuma ya lori kuna basi limejaa. Honi zikaanza, mbuzi wakaanza, watu wakaanza. Wengine walisema kizee hicho kisukumwe majini. Wafanyakazi wa feri wakaja kusukuma, na Sidi akavua viatu vyake vya kisigino, akaviweka juu ya kiti, akashuka kusukuma pamoja nao, na gauni lile lile.

Tulipokwisha kuliweka kando, basi likapanda, likasimama mbele yetu. Utingo akamwita Sidi, akamwambia nafasi ipo moja. Sidi akanigeukia.

"Niende?"

"Ngoja kidogo, linawaka sasa hivi."

"Baba watoto, nikikosa leo sijui kama wataniita tena."

"Nimekwambia linawaka."

Basi likaondoka. Hapo ndipo nilipokuwa nikikwambia utataka kunihurumia, mtu amekwama juani na gari lake. Usinihurumie. Nafasi ilikuwepo, nikaizuia kwa mdomo wangu.

Nikavua mnyororo, nikafungua tangi nipime petroli. Kile kifuniko kilipolegea kilitoa sauti, kikavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezamishwa majini akaachiwa. Niliisikia kwa masikio yangu! Nikasema ni joto hili. Nikapiga stata, gari likawaka mara moja, nikamtazama Sidi kwa uso wa mshindi. Akaingia garini.

Likazima tena Vipingo, katikati ya mashamba ya mkonge, hakuna nyumba wala kivuli, na kila gari lililopita lilikuwa limejaa.

Tulifika Mombasa mchana umeinama. Karani alikuwa akifunga mlango. Alituambia kwa adabu kwamba wakubwa wamekwisha kuondoka, na Sidi angoje kama ataitwa mwaka mwingine. Sidi akamwambia asante. Mpaka leo ile asante yake naisikia. Kisha akageuka, akaniomba nauli, akaenda kupanda basi la Malindi peke yake. Mimi nikarudi na gari, likizima na kuwaka, likizima na kuwaka, na kila lilipozima hasira yangu iliongezeka na yote nikaielekeza kwa mtu mmoja.

Asubuhi nilikwenda gerejini. Kulikuwa kumejaa wenye magari, wengine wananijua, wengine wageni. Nikasimama katikati nikapaza sauti kwamba Katana ni mwizi. Nilisema ametoa pampu yangu nzima akauza sokoni, ameniwekea iliyooza. Nilisema ananyonya petroli ya wateja. Nilisema amemharibia maisha dada yake wa tumbo moja. Tajiri wa gereji, Mswahili mmoja mpole, alinishika mkono akinitaka tuingie ndani tukae tuzungumze. Nikautupa mkono wake, nikazidisha sauti. Mteja mmoja akaingia kwenye gari lake akalirudisha nyuma, akaenda zake.

Katana aliweka spana chini.

"Mulamu, nilikuomba ufunguo."

Mchana haukufika, tajiri akamwachisha kazi, maana aliogopa jina la gereji yake. Alifunga spana zake kwenye gunia. Alijaribu gereji nyingine za Malindi, na kila alikofika maneno yangu yalikuwa yamemtangulia. Akahamia Mtwapa.

Nyumbani, Sidi aliniuliza kama nina ushahidi. Nikamtaja muuza samaki. Akasema ndugu yake anakunywa, anachelewa, lakini kuiba hajaiba tangu azaliwe. Baada ya hapo maongezi yetu yakawa ya chumvi na makaa tu.

Sasa nifike kwenye ubaya wenyewe, kwa sababu mpaka hapa mtu angeweza kusema nilikosea kwa kutojua.

Ule mnyororo ulikatika nikiwa kazini. Msalaba niliuokota, ufunguo sikuuona. Sijui ulianguka wapi, labda uliokwa ndani ya mkate wa mtalii fulani. Nikalazimika kukivunja kile kifuniko kwa nyundo na patasi, nikaziba tangi kwa kitambaa nilichokifunga kwa kamba. Siku hiyo mwenzetu wa hotelini alikuwa amefiwa, nikaenda na gari mazikoni Gongoni. Nikapita Mambrui nikilisubiri likohoe. Halikukohoa. Nikafika Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, nikazika, nikarudi. Halikukohoa.

Siku iliyofuata nikaenda Kilifi na kurudi. Kimya!

Basi nikaanza kuelewa, na sikutaka kuelewa. Nikarudi kwa muuza vyuma, nikanunua kifuniko kingine kama kile, nikakivisha pete ya mpira vile vile, nikafunga, nikatoka. Gede likazima. Nikafungua kifuniko, kikavuta ile pumzi. Nikapiga stata, likawaka.

Tangi linahitaji kupumua. Petroli ikitoka, lazima hewa iingie mahali pake. Kile kifuniko cha zamani cha bibi wa Kizungu kilikuwa na katundu kadogo kama ka sindano kwa kazi hiyo. Changu hakikuwa na tundu lolote, na mpira niliokata mwenyewe ukaziba hata pale ambapo hewa ingejipenyeza. Gari lilikuwa linakabwa koo, na aliyelikaba ni mimi. Katana angeligusa tangi lile siku moja tu angeisikia ile pumzi.

Nilikaa kwenye majani kando ya barabara nikacheka. Kicheko kikakatika nikaona baridi mwilini, na jua linawaka.

Mtu mwema angefanya nini? Angepanda gari lile lile, aende Mtwapa. Mimi nilikwenda daraja la Sabaki, nikasimama, nikatupa vifuniko vyote viwili kwenye yale maji mekundu, tangi likabaki na kitambaa chake. Nikarudi mjini nikamwambia kila aliyeniuliza kwamba nimepata fundi wa Mombasa, amelifungua gari, amekuta ndani vipuri vibovu kama nilivyosema. Tajiri wa gereji akaniuliza, nikamwambia hivyo. Sidi akaniuliza, nikamwambia hivyo. Mara ya kwanza nilimsingizia Katana kwa hasira. Mara hii nilikuwa nimetulia kabisa.

Nililiendesha gari lile karibu mwaka mzima na uongo huo. Lilikuwa halina kasoro.

Kisha Sidi akaitwa tena. Safari hii hakuniuliza. Alipanda basi siku moja kabla, akalala kwa Katana, chumba kimoja cha kupanga huko Mtwapa, akaenda mjini, akahojiwa. Siku aliyorudi alikuwa na furaha usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya feri. Walikuwa wamemchukua. Akakaa uani, mkoba bado uko miguuni, akanisimulia. Akasema Katana anaosha magari na kupakua kreti za soda katika baa moja, kwa sababu hata Mtwapa kuna watu wa Malindi, na hakuna anayemwachia injini.

"Amekusalimu," akasema. "Ameuliza gari linaendeleaje. Amesema usiache kusafisha lile bomba la tangi, siku moja litaziba ukiwa mbali."

Nilishindwa. Nilimweleza yote pale pale, kifuniko, pumzi, daraja, fundi wa Mombasa ambaye hajazaliwa. Sikubakisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu, nilijua tangu lini. Nilipomjibu, aliwatazama watoto wakicheza, kisha akainuka, akachukua ule mkoba ambao hata hakuufungua, akawashika watoto mikono, akaenda Magarini.

Baadaye niliitwa kwao. Mama mkwe aliitika shikamoo yangu bila kunitazama. Katana alikuwa amekuja kutoka Mtwapa, amekonda. Nikapiga magoti mbele yao nikaomba radhi. Wazee walisema yao, mama mkwe akasema yake, na sitayaandika. Katana alingoja wote wamalize.

"Hapa nyumbani sina neno na wewe. Uliniita mwizi gerejini. Kaseme pale, mbele ya watu, kwa sauti ile ile."

Nikakubali. Rahisi, sivyo? Mara ya kwanza nilikwenda, nikawakuta watu, nikatia magurudumu upepo, nikaondoka. Mara ya pili nikamvuta tajiri pembeni, nyuma ya pipa la oili chafu, nikamnong'oneza kwamba Katana hakuwa na kosa. Akatikisa kichwa, akasema ameshaajiri mwingine, yaliyopita yamepita, Mungu atusamehe sote.

Nikaenda Mtwapa nikiwa mwepesi. Nikamkuta Katana ameinama anaosha gari la mwenye baa. Nikamwambia nimesema.

"Kwa sauti ile ile?"

Nikaitazama ndoo yake. Akachovya kitambaa kwenye ndoo, akaendelea kuosha.

Hiyo ndiyo habari yangu. Sidi yuko chuoni sasa. Likizo anakwenda Magarini kwa watoto, na akija Malindi anakaa karibu na mlango kama mgeni, ananiita kwa jina langu, haniiti tena baba watoto. Gari linawaka kila asubuhi bila tatizo, nami nachukia kulisikia.

Ewe unayesoma, kama una gari linalokusumbua, lisumbukie gari, mwache mtu. Ukimpa fundi injini yako mpe na tangi, au usimpe kabisa. Na kama umeshamvunjia mtu jina lake mbele ya watu, nakusihi, nenda haraka. Kila siku unayoichelewesha, mdomo unakuwa mzito zaidi. Mimi nimeweza kuandika kurasa zote hizi, na maneno machache ya kusema gerejini yamenishinda.

Tena nimeandika bila jina. Najua huku pia ni kunong'ona nyuma ya pipa. Gazeti hili husomwa Mtwapa, na Katana akilishika atauliza swali lile lile.

Jumamosi gereji hujaa watu. Nitakwenda asubuhi, nisimame katikati, na safari hii nitaanza kwa kutaja jina langu.